Kilo za nini? Kisa cha modeli iliyozalisha singa zisizokuwepo

Usuli

Kiwanda kinachozungumziwa hapa kipo mkoa wa Tanga. Jina lake, wilaya yake na mwaka wa tukio nimeviondoa, na baadhi ya namba nimezisogeza kidogo ili zigawanyike vizuri, bila kugusa uwiano kati yake.

Kwa asiyeijua kazi ya mkonge, mtiririko wake ni huu. Majani hukatwa shambani na kufungwa mafungu ya majani thelathini thelathini. Hupakiwa kwenye tela la trekta na kupelekwa kwenye korona, mashine inayoponda jani na kukwangua nyama yake huku maji yakimwagika mfululizo. Upande wa pili hutoka singa, yaani nyuzi za mkonge, zikiwa mbichi na zinachuruzika maji. Huanikwa uwanjani kwenye nyaya. Zikikauka hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja (3L, UG, SSUG na mengineyo), kisha presi huzibana kuwa marobota ya kilo 250. Katika kila tani ya majani, singa kavu ni kilo 40 hivi, yaani asilimia nne. Kilichobaki ni maji na mabaki.

Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alileta mkonge Tanga kutoka Florida mwaka 1893, na katika miche 1,000 ni 62 tu iliyofika hai. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha takriban tani 230,000. Kazi ya umri huo hujijengea vipimo vyake. Mkata mkonge huhesabu mafungu, dereva huhesabu matela, wa uwanjani huhesabu nyaya, wa presi huhesabu marobota, na mnunuzi wa ng'ambo hudai tani. Kila mmoja yuko sahihi mahali pake. Ugumu huanza pale vipimo hivyo vyote vinapoingizwa kwenye kompyuta moja.

Uongozi ulikuwa na swali moja: je, kiwanda kinunue presi ya pili? Mhandisi kijana wa kiwanda akapewa kazi ya kutengeneza modeli ya uigaji, yaani programu inayofuata kila tela tangu linapofika getini hadi robota linapoingia ghalani, ili ionekane kazi inabanwa wapi. Mimi niliitwa baadaye, modeli ilipokwisha kutoa jibu na jibu lenyewe likaanza kuleta ugomvi.

Modeli na jedwali lake

Mhandisi alifanya jambo ambalo wengi wetu tungelisifu: vipimo vyote aliviweka kwenye jedwali moja, juu kabisa ya programu, badala ya kuvitawanya. Jedwali lilisomeka hivi:

- Tela 1 = tani 4 za majani
- Fungu 1 = majani 30
- Tani 1 ya majani = kilo 40 za singa
- Robota 1 = kilo 250
- Nafasi ya uwanja wa kuanikia = kilo 12,000
- Muda wa kukauka = siku 1
- Zamu 1 = saa 8
- Tani 1 = kilo 1,000

Ukilitazama haraka, halina kosa. Kila mstari una chanzo chake: aidha kipimo rasmi, aidha desturi ya kiwanda, aidha namba iliyotolewa na mnyapara wa sehemu husika. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyekosea kuandika.

Yaliyotokea

Modeli iliendeshwa kwa matela 30 kwa siku, kiwango cha kawaida cha miezi ya jua. Ikaonyesha marobota 30 yakifika kila siku kwenye presi yenye uwezo wa kubana 20 kwa zamu. Foleni ikawa inaongezeka kwa marobota 10 kila siku. Uongozi ukaagiza proforma, yaani ankara za awali za bei, za presi ya pili.

Leja ya ghala ilikuwa ikiandika marobota 18 hadi 20 kwa siku. Namba hiyo ilionekana kuithibitisha modeli: presi imefika kikomo, ndiyo maana hayavuki 20. Ila kulikuwa na jambo ambalo mtu yeyote aliyesimama kiwandani angeliona. Kama marobota 10 yanabaki kila siku, lundo lake liko wapi? Sakafu ya mbele ya presi ilikuwa tupu.

Jibu lililopatikana kikaoni lilikuwa baya kuliko swali. Likasemwa kwamba wafanyakazi wa brashi wanazembea, ndiyo maana lundo halifiki kwenye presi. Mwingine akanong'ona kwamba huenda singa zinaibwa. Baadhi ya watu wa brashi wakapewa barua za onyo. Sehemu hii ya kisa ndiyo inayoniuma mpaka leo, kwa sababu kazi ya brashi ni kazi ya vumbi kutwa nzima, na watu hao walikuwa wakituhumiwa kwa ushahidi wa grafu. Marobota 10 ni kilo 2,500. Ni mzigo wa lori. Haupiti getini kila jioni bila mlinzi, jirani na mbuzi wa jirani kujua.

Mhandisi, na hili nampa heshima, hakuridhika. Alikwenda kwa mnyapara wa brashi, mzee aliyeanza kazi hiyo kabla yeye hajazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutuhesabu tena?"

"Nimekuja kuuliza. Kompyuta inasema kila siku zinakuja singa za marobota thelathini."

"Zinatoka korona ipi? Hii yetu? Tela moja halijazi robota, mwanangu. Halijapata kujaza. Sema tela moja na nusu, hapo ndipo tuanze kuzungumza habari ya presi."

Hesabu ya mzee ilikuwa sahihi karibu kabisa. Tani 4 za majani, kilo 40 kwa kila tani, hutoa kilo 160. Gawanya kwa 250, unapata robota 0.64. Lakini ndani ya programu kila tela lilikuwa kitu kimoja kinachosafiri, na lilipofika hatua ya presi lilipaswa kugeuka marobota. Programu haiwezi kutoa 0.64 ya kitu. Ikapandisha hadi namba nzima inayofuata: 1. Matela 30, marobota 30. Majani ya kutoa kilo 4,800 za singa yakatoa kilo 7,500. Kilo 2,700 zilizaliwa kila siku ndani ya kompyuta, na hakuna aliyeziona kwa sababu ripoti ilihesabu marobota tu na haikuonyesha uzito hata mahali pamoja.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha ununuzi wa presi. Proforma zilikuwa zinakaribia kwisha muda na bei ingeweza kupanda, kwa hiyo haukuwa uamuzi mwepesi. Meneja aliukubali baada ya kuoneshwa karatasi moja yenye hesabu ya mkono: kilo zinazoingia, kilo zinazotoka.

Wa pili ulikuwa kukataa njia ya mkato. Mtu mmoja alipendekeza marobota ya modeli yazidishwe kwa 0.64 mwishoni mwa ripoti, na kweli 30 mara 0.64 ni 19.2, sawasawa na leja. Jibu lingetoka zuri na kikao kingefungwa. Tulikataa kwa sababu kizidishio hicho kingekuwa sahihi kwa tela la tani 4 peke yake. Tela likibeba tani 6, yaani kilo 240, robota halisi ni 0.96. Modeli ingetoa 1, kisha ikazidishwa kuwa 0.64, na theluthi nzima ya mzigo ingepotea. Kosa la kuzidisha singa lingegeuka kosa la kuzipunguza.

Badala yake presi ikawekewa mbele yake kitu kama tangi la uzito. Kila tela linaongeza kilo zake. Zikifika 250, robota moja linatoka na kilo 250 zinatolewa. Zinazobaki zinasubiri tela linalofuata. Siku ya kwanza yanatoka marobota 19 na kilo 50 zinalala. Kwa siku tano, kilo 24,000 hutoa marobota 96 bila salio. Foleni ya presi ikafutika.

Wengi walitaka kuishia hapo. Modeli na leja zilikuwa zimepatana, barua za onyo zimetajwa kuwa zitaondolewa, watu wamechoka. Mhandisi akaomba jambo moja zaidi: leja ya masika. Miezi ya Machi hadi Mei ilionyesha marobota 6 hadi 9 kwa siku. Modeli ilikuwa inasema 19, mvua inyeshe isinyeshe.

Tukarudi kwenye jedwali, safari hii pamoja na mnyapara wa uwanja wa kuanikia. Kilo 12,000 za nafasi ya uwanja ilikuwa namba yake. Aliipata kwa kupima kwa mzani wa kuning'iniza singa zinazotosha waya mmoja, wakati zinapoanikwa, kisha akazidisha kwa idadi ya nyaya. Yaani kilo za singa mbichi. Modeli ilikuwa ikilinganisha namba hiyo na kilo 160 za kila tela, ambazo ni kilo za singa kavu. Tulipima mzigo mmoja wa singa: kilo 10 zilizotoka korona zilibaki kilo 4 zilipokauka. Kwa hiyo kilo 12,000 mbichi ni kilo 4,800 kavu, yaani kazi ya siku moja hasa. Modeli ilikuwa ikiamini uwanja unameza kazi ya siku mbili na nusu.

Siku za jua kali hilo halionekani, kwa kuwa singa zilizoanikwa asubuhi huanuliwa jioni. Masika zikikaa siku tatu kwenye nyaya, uwanja unapitisha theluthi tu: kilo 1,600 kavu kwa siku, marobota 6.4. Korona inalazimika kusimama, na majani yaliyokwisha kukatwa yanaanza kuharibika kwenye matela, maana mkonge uliokatwa haungoji. Kumbe pa kubana palikuwa uwanjani, na presi wakati huo huo ilikuwa haina kazi.

Kabla ya kufika kwenye 6.4 tulipita kwenye 2.1. Mhandisi aliandika muda wa kukauka kuwa saa 72, yaani siku tatu. Lakini saa ya modeli ilikuwa inatembea ndani ya zamu tu, saa 8 kwa siku. Kwake saa 72 ni siku tisa. Hili halikudhuru mtu kwa sababu jibu lilikuwa la ajabu mno kuaminika. Makosa ya namna hii ni ya heri kuliko yale yanayotoa jibu la kuaminika.

Jambo jingine la saa nalitaja kwa sababu litampata yeyote anayekusanya data huku kwetu. Daftari la korona liliandika kusimama kwa mashine kwa saa zetu: saa 3 asubuhi, saa 8 mchana. Kumbukumbu za umeme zilitoka kwenye kifaa kinachohesabu kuanzia usiku wa manane. Muda wa kila tukio ulibaki sahihi, kwa kuwa dakika 40 ni dakika 40 kokote. Mfuatano ndio ulioharibika: mashine ilionekana kusimama muda wa saa sita kabla umeme haujakatika. Hapa hakuna cha kuzidisha. Ni kujumlisha sita, na jedwali la vizidishio halina mahali pa kuweka badiliko la aina hiyo.

Matokeo

Presi ya pili haikununuliwa. Fedha hizo zilitumika kuongeza nyaya, na ratiba ya ukataji ikapangwa upya ili masika majani yasikatwe kuliko uwanja unavyoweza kuyapokea. Barua za onyo ziliondolewa kwenye majalada, na meneja alikwenda mwenyewe kuzungumza na watu wa brashi. Nilifurahi alipofanya hivyo mbele ya watu, kwa kuwa tuhuma nazo zilitolewa mbele ya watu.

Masika yaliyofuata, pamoja na nyaya za nyongeza, marobota yaliongezeka, lakini hayakufika modeli ilikotabiri. Sababu yake nitaieleza chini.

Uchambuzi

Mwaka 1983 huko Kanada, ndege aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa angani na kutua bila injini kwenye uwanja wa zamani wa Gimli. Ilihitaji kilo 22,300. Mafundi waligeuza lita kuwa uzito kwa kizidishio 1.77, ambacho ni cha ratili kwa lita. Cha kilo kilikuwa kama 0.8. Ndege ikaruka na chini ya nusu ya mafuta yake. Kisa hicho hufundishwa kama onyo la kuandika kipimo kando ya kila namba, na onyo hilo ni la haki. Ila kisa chetu kinakwenda hatua moja mbele. Sisi kipimo kiliandikwa. Pande zote mbili zilisema kilo, na kilo zilikuwa kilo. Kilichokosekana ni kilo za nini, na zikiwa katika hali gani. Programu nyingi zinazokagua vipimo zingepitisha mstari ule bila neno, kwa sababu kwao kilo ya singa mbichi na kilo ya singa kavu ni kitu kimoja.

Naona jedwali lile lilichanganya mambo ya jamaa tatu. Tani 1 kuwa kilo 1,000 ni ukweli usiobadilika. Masika hayaugusi na meneja haugusi. Fungu kuwa majani 30, au robota kuwa kilo 250, ni mapatano ya watu, yanayoweza kubadilishwa kwa barua. Tani ya majani kuwa kilo 40 za singa si kipimo kabisa: ni matokeo ya uzalishaji, yanayotegemea umri wa mmea, maji yaliyo ndani ya jani na makali ya korona. Kuliweka hili la tatu kwenye jedwali la vipimo ni kulivika joho la ukweli usiobadilika. Hakuna atakayelihoji, kwa sababu nani anahoji vipimo?

Na tela je? Hilo lilinisumbua zaidi. Mzee wa brashi alisema, "Tela la masika si tela la kiangazi," akimaanisha kwamba jani lililonyeshewa ni zito na lina singa zilezile. Mkulima wa viazi wa Lushoto anaijua hali hii kupitia lumbesa: gunia ni moja kwa jina, lakini uzito wake unaamuliwa na anayejaza na siku ya kujaza. Tela lilistahili kuingia kwenye modeli kama kitu kinachobadilika, lenye wigo wa uzito uliopimwa kwa kila msimu, badala ya tani 4 tupu.

Modeli iliyojengwa upya ina jedwali dogo la vipimo vya kweli, orodha ya mapatano yenye tarehe na jina la aliyeidhinisha, na matokeo ya uzalishaji yamehamishiwa ndani ya hatua yanakotokea: singa mbichi zinazaliwa kwenye korona, maji yanaondoka uwanjani, singa fupi zinadondoka kwenye brashi na kuhesabiwa peke yake. Ndani ya modeli kila kitu kinabebwa kwa kilo, na jina la kila namba linataja hali yake, kama vile nafasi_ya_uwanja_kg_mbichi. Matela na marobota yanaonekana mlangoni tu, kuingia na kutoka. Chini ya kila ripoti kuna urari wa uzito: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki njiani, kilichopotea kama maji. Urari usipofunga, ripoti haitoki. Laiti urari huo ungekuwepo tangu mwanzo, kilo 2,700 zingeonekana siku ya kwanza na watu wa brashi wasingeguswa.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenda kwa wanyapara kabla ya kugusa programu. Mzee alikuwa na uwiano wa tela na robota kichwani kwa miaka mingi. Hakuwa ameulizwa.

Yaliyoshindikana ni mawili. Utabiri wa masika ulizidi kwa sababu tulichukulia kwamba singa hukauka kwa siku tatu hata zikianikwa vipi. Nyaya za nyongeza zilipofungwa, baadhi ziliwekwa karibu karibu na upepo ukapita kwa shida. Wakati huo huo, kwenye nyaya za zamani singa zilikuwa bado zinaanikwa kwa unene uleule. Muda wa kukauka unategemea unene na nafasi kuliko uzito, na modeli haikuwa na unene ndani yake.

La pili ni madaraja. Robota halichanganyi 3L na UG, kwa hiyo tangi la uzito mbele ya presi lilipaswa kuwa matangi kadhaa, kila daraja na lake. Daraja linalotoka kwa wingi hujaza kilo 250 mara nyingi kwa siku. Lile la nadra linaweza kusubiri wiki. Jumla ya kilo haibadiliki, lakini tarehe ya robota kuwa tayari inabadilika sana, na tarehe ndiyo inayoulizwa na mnunuzi anayesubiri mzigo bandari ya Tanga. Mgawanyo uliotumika kwenye modeli ulikuwa wa kukisia. Mpangaji wa madaraja sasa anaandika uzito wa kila daraja kwenye daftari lake kila jioni, na mpaka daftari hilo lipitie vuli na masika, modeli hairuhusiwi kutumika kuahidi tarehe ya kupakia meli.